Paa la Nyasuguta

Mama mkwe wangu alikuwa mtu mgumu, na nikisema mgumu sina nia ya kumsifu. Aliamka kabla ya kuku, alikula wa mwisho, na katika miaka mitano ya kwanza ya ndoa yangu nilimwona akicheka mara mbili tu. Mara ya kwanza nilikuwa nimeteleza na mtungi wa maji. Ya pili siikumbuki vizuri, lakini nadhani hapo pia aliyeanguka ni mimi.

Jina lake Nyasuguta. Alikuwa mjane wa Mochama, na aliishi kwenye kilima cha Watimaro, nyuma ya Suna, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Mimi nilitoka Kendu Bay, binti wa mvuvi, Msabato, na mwanawe Javan alinipata huko alipokuwa akija kununua samaki. Ndiyo maana mama huyo aliniita Nyar Kendu, yaani msichana wa Kendu, hata nilipokuwa na watoto wanne na mvi kichwani. Mimi Kitimaro sikukijua, yeye Kijaluo hakukitaka, basi tukazungumza Kiswahili cha sokoni, kila mmoja akikivunja kwa upande wake.

Watimaro walikuwa watu wachache na wakali. Zamani waliishi kwa mkuki, na walijipanga kama wapiganaji wanavyojipanga. Juu kilimani kulikuwa na nyumba saba, kila moja ikiwa na ngao ya ngozi ya nyati juu ya mlango, na mkuu wa kila nyumba aliitwa Mwenye Ngao. Chini kwenye mteremko, ng'ambo ya mto, tulikaa sisi, watu wa jembe. Mtu wa jembe alipopewa shamba, alimkabidhi Mwenye Ngao jembe lake mbele ya watu, na Mwenye Ngao akamrudishia. Tangu hapo alikuwa mtu wake. Alimlimia siku tatu kila msimu, alimpelekea kapu la kwanza la wimbi, na nyasi za kuezeka nyumba ya ngao alizikata yeye. Kwa upande wake Mwenye Ngao, ng'ombe wa mtu wake akiibwa, alichukua mkuki na kufuata nyayo hata mpaka Tanganyika. Wengi wao walifia huko kwa ajili ya ng'ombe wasio wao. Hilo siwezi kuwanyima. Lakini Wazungu waliwanyang'anya mikuki, na kufikia wakati ninaolewa ngao zilikuwa za kufutwa vumbi tu, na sisi bado tunakata nyasi.

Katika sheria zao zote, moja ilinichekesha mpaka siku iliponitoa machozi. Mwenye Ngao hakula katika nyumba ya mtu wa jembe. Maji angekunywa, ukimmiminia kwenye viganja. Chakula hapana, hata punje. Walisema kwamba mtu akishalishwa chini ya paa la mwenzake, hawezi tena kumtoa chini ya paa hilo. Shamba linakuwa la yule aliyelisha, yeye na watoto wake, na jembe lake halidaiwi tena. Wala hayakuwa maneno matupu. Ng'ambo ya kwetu palikuwa na familia ya mzee Cephas, ambaye babu yake alimkuta Mwenye Ngao wake amelewa, akampa kiazi kimoja cha kuchoma, naye akala. Alipoamka, mteremko mzima ulikuwa umekwenda. Mpaka leo watu wa Cephas hawamkatii mtu nyasi.

Nyasuguta alizishika sheria hizi kuliko wenye ngao wenyewe. Mochama alipokufa alimwachia watoto wadogo na shamba la mawe. Angeweza kuomba apunguziwe kazi, na angepunguziwa. Hakuomba. Alilima siku zake tatu na siku tatu za marehemu, kisha akarudi kwake kung'oa mawe moja moja na kuyapanga kuwa kingo za matuta. Nilipofika mimi, mteremko ule ulikuwa unatoa wimbi kuliko shamba lolote upande ule wa mto. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena kwa sababu ya mawe hayo.

Mwaka wa 1968 wakaja watu wa kupima ardhi. Afisa wao, kijana aliyeitwa Onsongo, alitangaza sokoni kwamba kila shamba litaandikwa jina la mwenyewe, na mwenyewe ataamuliwa na kamati ya wazee kwa kufuata mila ya mahali. Wazee wa kamati walikuwa saba. Huhitaji kuambiwa walitoka nyumba zipi.

Mwenye Ngao wetu alikuwa Bichage, mzee wa miaka sabini na kitu, mrefu, mkavu, aliyepigana vita vya Wazungu huko Burma na kurudi na Kiswahili cha kambini. Yeye binafsi hakuwa mtu mbaya. Shida ilikuwa mwanawe Walter, karani mjini, mwenye viatu vya kung'aa na haraka nyingi. Walter alikuwa amekwisha kupata mtu wa kumwuzia mteremko wetu. Alituma habari kwamba shamba likiandikwa jina la baba yake tutavuna mara moja ya mwisho, halafu tuondoke. Tuende wapi, hakusema. Kamati ingefika kwetu siku ya Ijumaa.

Jumanne asubuhi Bichage alishuka peke yake kukagua mipaka. Zilikuwa mvua za masika, na masika ya mwaka ule hayakuwa na huruma. Alivuka mto maji yakiwa magotini. Kufikia adhuhuri mto ulikuwa unabeba miti mizima, na Nyasuguta akamkuta mzee ameegemea ghala letu, anatetemeka kwa homa mpaka meno yanagongana.

"Ingia ndani, Mwenye Ngao," akamwambia. "Hii mvua itakumaliza."

"Nitaingia. Lakini sitakula."

"Sijakuuliza kama uko na njaa."

Tukamlaza juu ya ngozi katikati ya nyumba. Javan alikuwa Takawiri kununua samaki na barabara zilikuwa zimekatika, kwa hiyo tulikuwa wanawake wawili na mgonjwa. Siku ile nzima alikunywa maji tu. Nyasuguta alimmiminia kwenye viganja, na vikiwa vinatetemeka sana alivishika kwa chini.

Jumatano niliivuta kanga ya mama mkwe mpaka nje, barazani.

"Mama, huoni? Mungu ametuletea. Mpe uji tu. Akimeza, shamba ni letu."

"Amekataa."

"Ni mgonjwa! Hajui anasema nini!"

"Ndiyo maana simpi."

Nikamwambia kwamba kichwa chake kimejaa mawe ya shamba lake. Akabaki anatazama mvua, halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mwenye Ngao akifia katika nyumba ya mtu wa jembe, nyumba ile huchomwa siku hiyohiyo, na watu wake hufukuzwa kilimani kabla moto haujazima, bila kuulizwa lolote.

"Serikali ipo," nikasema.

"Serikali iko Suna. Sisi tuko hapa."

Hapo ndipo nilipoielewa hali yetu. Akila, tumepona. Akifa, tumekwisha. Naye alikuwa amelala pale, meno ameyabana, hataki kula na hajaamua kufa.

Alasiri tukasikia mtu anaita kutoka mtoni. Tukateremka mbio. Ng'ambo alikuwa Walter na wanaume wawili, wamejifunika magunia. Mto wenyewe si mpana, ila ulikuwa unanguruma kiasi kwamba kila neno ilibidi ulitupe kwa nguvu.

"Baba yuko kwenu?"

"Yuko!" Nyasuguta akapaza sauti. "Ana homa kali! Hajala tangu jana!"

"Hajala kitu?"

"Hajala!"

Walter akawageukia wenzake, wakasemezana. Kisha akaweka mikono mdomoni.

"Msimpe! Mnasikia? Asile kitu mpaka nivuke!"

"Utavuka lini?"

"Maji yakipungua!"

Wakaondoka. Mimi nilibaki nimesimama kwenye matope, nikingoja arudi aulize homa ni kali kiasi gani, au mzee amelala wapi, au anasema nini. Hakurudi. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote, Mungu anisamehe, na sidhani nimeacha.

"Usimwambie mzee," Nyasuguta akaniambia tukipanda.

"Kwa nini nisimwambie?"

"Ako na homa tayari."

Alhamisi asubuhi nilifanya jambo ambalo sikulionea haya wakati ule. Nilichukua kibuyu cha maji ya mgonjwa, nikatia konzi mbili za unga wa wimbi uliokaangwa, nikatikisa. Nilijiambia kwamba ninaokoa maisha ya mtu, na ilikuwa kweli, lakini nilikuwa pia nimekwisha kuliona shamba letu kwenye karatasi. Nilikuwa nimeshapiga magoti kando yake Nyasuguta alipoingia. Akakichukua kibuyu mkononi mwangu, akaonja, akatoka nacho na kumwaga maji yote uani.

"Unataka afe?" nikamfokea. "Unataka tuchomwe?"

"Nataka akila, ajue anakula."

"Na wao je? Wao wangekufanyia hivyo? Walter angekufanyia hivyo?"

"Mimi si Walter," akasema, na sauti yake ilipanda kwa hasira kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Nimeng'oa mawe miaka ishirini na mbili, Nyar Kendu. Hili shamba sitalipata kwa kumvizia mgonjwa kama mwizi wa kuku."

Kufikia saa saba mchana mzee hakuweza tena kukaa. Maji yalimtoka pembeni mwa mdomo. Alianza kuzungumza na askari wenzake waliokufa Burma, akiwaamuru wafunge safu na wasilale. Midomo ilikuwa imepasuka na macho yameingia ndani. Nimeona watu wakifa, na nilijua tuna saa chache tu.

Nyasuguta alimtazama kwa muda. Kisha akatoka, akarudi na ngazi ya ghala na panga. Akaiegemeza ngazi ukutani, akapanda, akaanza kukata kamba za paa lake mwenyewe.

Nilidhani wazimu umempanda kichwani. Nilimshika mguu, akanipiga teke. Alikata kamba, akasukuma nyasi kwa mabega, akavunja fito kwa mikono ile yenye vidole visivyokunjika. Nyasi na masizi ya miaka mingi yakamwangukia usoni, kisha mvua ikaingia ndani ya nyumba kwa kishindo. Tundu likawa kubwa, ungeweza kupitisha ndama. Chini yake alikuwa Bichage kwenye ngozi yake, na maji yalipompiga usoni akazinduka na kupepesa macho.

Mama mkwe akashuka. Akamwinua, akamwegemeza kifuani mwake kama anavyoegemezwa mtoto.

"Mwenye Ngao. Tazama juu. Unaona nini?"

"Mvua."

"Unaona paa?"

Bichage alitazama juu muda mrefu, na mimi nikaona kwamba akili ilikuwa inamrudia polepole, kwamba anahesabu kinachotakiwa na sheria na kile alichofanyiwa.

"Hakuna paa," akasema.

"Basi kula."

Akala. Alikunywa bakuli tatu za uji wa wimbi, mvua ikidondokea humohumo, na Nyasuguta akimfuta kidevu. Mimi nilikaa kando ya ukuta, mahali pakavu, nikalia kwa hasira. Sitaki kudanganya kwamba niliguswa. Niliona mwanamke anabomoa nyumba yake ili kumpa adui chakula na shamba kwa pamoja, na nikajiuliza nimeolewa katika ukoo wa namna gani.

Usiku homa ikamwachia. Ijumaa mvua ilikuwa imekatika, mto umeshuka, na saa nne kamati ikavuka. Wazee sita waliobaki, Walter na viatu vyake mkononi, na Onsongo na daftari lake. Meza iliwekwa uani kwetu. Bichage alitoka akitembea mwenyewe, akaketi upande wa wazee wenzake. Mimi nilikuwa nimejipanga. Nikiulizwa, ningesema alikula Jumatano, kabla ya tundu. Lakini Nyasuguta alinitazama mara moja tu, na ulimi ukawa mzito.

Onsongo akasoma habari za mipaka, kisha akainua kichwa.

"Mzee, nimeambiwa umekuwa hapa siku tatu. Ulikula kwa huyu mama?"

"Nilikula."

Wazee wakavuta pumzi. Walter akaruka kutoka alipokuwa.

"Chini ya paa?" akauliza Onsongo. Walikuwa wamemfundisha cha kuuliza.

Angeweza kusema ndiyo, na nani angembishia?

"Hapana," akasema Bichage. "Alilibomoa kwanza. Tundu lile pale. Nilikula chini ya mvua."

Basi, nikasema moyoni, imekwisha. Nyasuguta alikuwa amesimama kando ya mlango wake, mikono imeshuka, uso hauna kitu. Onsongo akachovya kalamu.

Angeandika, na hadithi ingekuwa nyingine, kama Walter angenyamaza. Lakini Walter alitaka jambo lifungwe kabisa, lisiwe na ufa.

"Na kamati iandike hivi pia," akasema. "Sisi nyumba yetu tulilinda sheria. Mimi mwenyewe Jumatano nilisimama pale mtoni nikawaambia wasimpe kitu. Hawa wanawake wawili ni mashahidi. Niliwaambia asile."

Aliyasema kwa fahari. Na kwa kweli, kwa sheria ya Watimaro, hakuwa amekosea hata neno moja. Wazee wawili walitikisa kichwa kumkubalia.

Bichage akageuka taratibu. "Jumatano?"

"Ndiyo, baba."

"Ulijua niko na homa?"

"Walisema."

"Ulijua sijala tangu Jumanne?"

Naona hapo ndipo Walter alipojisikia mwenyewe. Mzee akamgeukia Nyasuguta.

"Mama, na wewe ulisikia haya?"

"Nilisikia, Mwenye Ngao."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unaumwa."

Bichage akasimama, akashika ukingo wa meza mpaka miguu ikatulia, akaanza kutembea kuelekea mlango wetu. Watu wote tukamfuata kwa macho, halafu kwa miguu. Akainama, akaingia. Ndani, kigoda kilikuwa pale chini ya tundu, jua likikiangaza. Akakisukuma kwa mguu mpaka upande wa pili, mahali ambapo nyasi zilikuwa nzima, akainua uso kuhakikisha, akaketi.

"Niko na njaa," akasema.

Wazee walikuwa wamebanana mlangoni, Onsongo anachungulia kati ya mabega yao.

"Baba ni mgonjwa!" Walter akapiga kelele. "Afisa, hajui anachofanya! Homa imemharibu kichwa!"

"Leo Ijumaa," Bichage akasema bila kumtazama. "Huyo kijana anaitwa Onsongo. Wewe unaitwa Walter, na nakujua sana. Mama, lete chakula."

Nyasuguta hakusogea.

"Mwenye Ngao, unajua unachofanya?"

"Najua. Lete, nisije nikalala tena hapa kwako."

Nilikimbia jikoni. Palikuwa na ugali wa asubuhi uliopoa na dagaa wa omena kidogo, hata chumvi haikutosha. Nilitia kwenye sahani, lakini mama mkwe akaninyang'anya mlangoni. Alitaka iwe yeye. Akapiga magoti, akaiweka mbele ya mzee, akamnawisha.

Bichage akakata tonge, akalibana, akachovya, akalitia kinywani. Akatafuna polepole, ili kila mzee wa kamati aone koo lake likipanda na kushuka. Walter alikuwa ameshatoka. Tulimsikia akiteremka kuelekea mtoni, akiteleza.

Onsongo, maskini, alikuwa bado ameshika kalamu. Akawatazama wazee, na wazee wakatazama chini, kwa kuwa sheria ilikuwa yao na hawakuwa na pa kukimbilia. Akapekua karatasi, akaandika, akakwama.

"Mama," akasema, "hapa kwa mwenye shamba. Niandike jina gani?"

Nyasuguta alikuwa bado amepiga magoti, machozi yanamtiririka hadi shingoni wala hayafuti.

"Nyasuguta," akasema Bichage, chakula kikiwa bado mdomoni. "Andika Nyasuguta."